Kiingereza Kinaanzia Nje ya Geti

Mimi shule niliishia darasa la tano, na sioni sababu ya kuificha habari hiyo, maana wengi walioendelea mbele yangu leo wananipigia simu kuomba lifti. Nina Fuso mbili zinazotoa mahindi na mihogo Bisibo kuleta huku Ngara, nina mashine ya kusaga, na nina nyumba ambayo watu wakimwelekeza mgeni njia wanaanza kwa kuitaja. Na Kiingereza nakijua. Sisemi kile cha kuandikia barua. Nasema kile cha kuongea na mtu mkaelewana, mzigo ukapakiwa, kila mmoja akaenda zake. Kwa hiyo ninapozungumzia namna ya kumwanzishia mtoto mdogo Kiingereza, siongei kama mtu aliyeokota maneno njiani.

Binti yangu wa mwisho alipotimiza miaka mitano tulimpeleka shule ya Kiingereza iliyo kilimani, si mbali na njia panda ya Benaco. Shule hiyo ina jasho langu ndani yake. Mchanga wa madarasa mawili niliusomba mimi, na lile bango kubwa la getini, linalosema kwamba kuanzia hapa ni Kiingereza tu, lilikuja juu ya Fuso yangu. Hata wazo la bango lilikuwa langu. Kwenye mkutano wa wazazi nilisimama nikawaambia walimu kwamba hatuleti watoto pale kuja kusikia Kiswahili; Kiswahili wanacho sokoni, na Kihangaza wanacho kwa bibi zao. Nikasema isisikike lugha nyingine ndani ya uzio ule, hata salamu. Mtu akitaka mwanawe ajue kuogelea hamwogeshi kwenye beseni. Wazazi wakapiga makofi, na mwalimu mkuu akaandika.

Basi mtoto akaanza shule, na mtoto akanyamaza.

Nyumbani hakuna wa kumshinda kwa maneno. Akiamka anaanza na mbuzi, anahamia kwa mama yake, anamalizia kwangu nikiwa navaa viatu. Tunaishi na mama yangu mzazi, na kwa bibi huyo salamu ni sheria. Mtoto akimwamkia mkubwa anasimama palepale hadi aitikiwe marahaba, ndipo aseme neno lingine. Kabla ya hapo hasemi ana njaa, hasemi ameumia, hasemi moto umeshika jikoni. Mimi mwenyewe nimelelewa hivyo. Niliwahi kumwamkia mjomba wangu aliyekuwa akibishana na fundi baiskeli, nikasimama hadi miguu ikafa ganzi, na ujumbe niliotumwa, kwamba ng'ombe wake ameingia shamba la watu, ukamfikia ng'ombe akiwa ameshamaliza maharage. Lakini binti yangu akishaitikiwa, hazimiki.

Shuleni hakutoa neno. Januari ikapita, Pasaka ikapita. Mwezi wa nne mwalimu mkuu akaniita ofisini, akanionyesha madaftari. Mtoto anachora vizuri, anaandika namba vizuri, anasikia kila anachoambiwa. Hasemi tu. Wenzake walikuwa wameshampa jina, wanamwita Bubu.

"Mzazi," akasema, "kama hadi tunafunga mwezi wa sita hajafungua mdomo, tutamrudisha bebi klasi."

Bebi klasi ni wale wa miaka mitatu, wanaolala mchana kwenye mkeka na kulilia mama zao. Mtoto wangu, anayemkosoa mama yake chumvi ya mboga, akakae na wanaojikojolea. Nilimwuliza mwalimu mkuu kama amewahi kusikia gari likirekebishwa kwa kurudishwa kiwandani likiwa halijafunguliwa boneti. Akasema utaratibu ni huo.

Nikaomba nikaone mwenyewe. Kesho yake nilipakia mzigo kwanza, nikafika watoto wakiwa wameshaingia darasani, nikakaa kwenye benchi la nyuma magoti yakiwa karibu na masikio. Mwalimu alikuwa binti mdogo, mwenye diploma, mgeni wa mkoa huu, na kalamu mbili za rangi amezichomeka kwenye nywele. Sina ugomvi na nywele zake. Nina ugomvi na alivyoanza.

Aliingia, watoto wakasimama kama askari waliosikia filimbi, wakaimba: "Gudi moningi ticha, wi a fain thenki yu ticha." Hakuwa amewauliza kama ni wazima. Wakakaa. Akaandika tarehe ubaoni, wakaisoma wote kwa sauti, mwaka pia, watoto wa miaka mitano wakihangaika na mwaka kana kwamba wana kesi mahakamani. Kisha wakaimba wimbo wa kushika viungo vya mwili. Niliwatazama kwa makini. Mwalimu akisema pua wanashika pua kwa sababu yeye ameshika pua. Angeshika sikio akasema pua, wangeshika sikio. Mwishoni akanyanyua picha ya tufaa. Tufaa! Darasa lile limejengwa chini ya mparachichi. Parachichi zilikuwa zinadondoka juu ya bati, puu, puu, kila zikidondoka watoto wanatazama juu, naye anagonga meza wamtazame yeye na tunda ambalo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kulilamba. Na parachichi kwa Kiingereza linaanza na herufi ileile.

Binti yangu alikuwa mstari wa pili, amebana mikono katikati ya magoti. Alisimama waliposimama, akakaa walipokaa. Mdomo ulikuwa umefungwa kama mlango wa duka siku ya msiba.

Baada ya kipindi nilimwambia mwalimu wazi kwamba kwa kuanza namna ile hata mimi ningenyamaza. Akasema hizo ndizo mbinu walizofundishwa chuoni.

"Huko chuoni watoto walikuwepo?" nikamwuliza.

Akafikiri. "Hawakuwepo. Tulikuwa tunafundishana wenyewe kwa wenyewe."

"Mmoja anajifanya mtoto?"

"Ndiyo."

"Na huyo aliyejifanya mtoto alikuwa anajua Kiingereza tayari."

 Lakini hakuwa mtu wa kukanyagwa akanyamaza, maana alichomoa kalamu moja kichwani, akanielekezea kama fimbo. "Basi, mzazi, njoo uanzishe wewe. Ijumaa kipindi cha kwanza ni chako. Mimi nitakaa hapo kwenye benchi lako."

Nilicheka njia nzima kurudi nyumbani. Alikuwa amemchokoza mtu ambaye si wa kuchokozwa kwa jambo hilo.

Mimi Kiingereza nilikipatia Benaco, miaka ile kilima kizima kilipokuwa mahema ya buluu ya wakimbizi na moshi, nikiwa kijana wa miaka kumi na sita mwenye mabega mapana kuliko akili. Nilikuwa mbeba magunia kwenye ghala la chakula. Mtunza ghala alikuwa mama mmoja mgeni, mtu mzima, aliyekuja kutoka nchi ya mbali na hajui Kiswahili zaidi ya maji na asante. Hakutuimbisha. Hakutuonyesha picha. Aliweka mkono juu ya gunia, akasema neno. Akanyanyua mikono, akasema neno. Akaonyesha mbao za kupangia magunia, akasema neno. Mwisho wa wiki nilikuwa najua beba, weka, leta, rudisha, bado moja. Ndani ya mwezi nilikuwa nawapangia wenzangu kazi kwa Kiingereza, na wengine walikuwa wamefika kidato cha nne. Hadithi hiyo nimeisimulia harusini, msibani na kwenye mabenchi ya benki, na kila mara naimalizia hivi: neno la gunia unalijua gunia likikulalia begani. Niliamini kwamba hapo ndipo kila kitu kinapoanzia.

Siku moja kabla ya Ijumaa nilifanya mazoezi nyumbani. Nilimkamata kuku mweupe, ambaye binti yangu amemlea tangu akiwa kifaranga na anamwita wake, nikamwambia mtoto "hold". Akamshika. Nikamwambia "give". Akanipa. Kabla chai haijachemka alikuwa anamzungusha yule kuku uani akitoa amri kwa kila mtu. Alimfuata bibi yake aliyekuwa akipukuchua maharage, akamwambia kwa Kiingereza amshike kuku. Bibi akaniuliza kwa Kihangaza mtoto anataka nini, nikamwambia anataka umshike. Akamshika. Nikamwambia mke wangu: unaona? Siku moja tu. Wao wana miezi minne.

Ijumaa niliingia darasani na boksi. Ndani yake kulikuwa na kuku, parachichi tatu, dumu la maji na jembe lisilo na mpini. Mwalimu alikaa kwenye benchi la nyuma, amekunja mikono. Mwalimu mkuu naye akasimama mlangoni.

Sikusubiri wasimame wala waimbe. Nilimtoa kuku.

Ningekuwa mtu wa kunyamazia mazuri yangu, hapa ningenyamaza, lakini siwezi. Watoto wale walipagawa. Kila mmoja alitaka kushika, na nilikuwa nimeweka sharti kwamba hapewi mpaka aseme. Walisema. Walisema "give hen" hadi walimu wa darasa la jirani wakaja kuchungulia. Kibonge mmoja ambaye hawezi kutaja tarehe alibeba dumu kutoka ukutani hadi mezani huku akilitangazia darasa kila hatua anayopiga. Parachichi likadondoka juu ya bati, puu, na watoto wote kwa pamoja wakalitaja kwa Kiingereza bila kuulizwa. Nilimtupia jicho mwalimu mkuu. Alikuwa anaandika.

Kisha nikafika mstari wa pili. Nikamwekea binti yangu kuku wake mapajani.

"Hen," nikamwambia. "Sema."

Alimkumbatia yule kuku, akaweka kidevu mgongoni pake. Akanitazama mimi, akamtazama mwalimu kule nyuma, akainamisha kichwa. Nikarudia. Nikambembeleza. Nikamkumbusha kwa sauti ya chini kwamba jana alimwamrisha hata bibi yake. Kimya. Mtoto mmoja wa mbele akasema kwa Kiswahili, taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni, "Huyo ni Bubu."

Mwalimu alikuja mbele akanisaidia kumrudisha kuku kwenye boksi. Hakunicheka. Afadhali angenicheka. "Umeona, mzazi," akasema. Ni hayo tu.

Nilirudi nyumbani kwa hasira ambayo sikujua niielekeze wapi, nikaielekeza kwa shule. Nilimwambia mama yangu kwamba walimu wale wamemharibu mtoto, wamemtia woga, na kwamba Jumatatu namhamisha, ikibidi nampeleka Biharamulo. Mama aliniacha nimalize. Halafu, mtoto aliporudi na kumwamkia, akamwitikia, akamwuliza swali ambalo mimi na diploma zote za kilimani hatukuwahi kulifikiria.

"Mwalimu wako ukimwamkia anakuitikia nini?"

"Haitikii," mtoto akasema.

"Unamwamkia kila siku?"

"Kila siku. Getini."

"Naye?"

"Anasema English."

Mama akarudi kwenye maharage yake. Akasema bila kunitazama, "Sasa ulitaka aanze kusema kabla hajaitikiwa? Mtoto wa nyumba gani?"

Nilikaa kwenye kiti nikiwa na kofia mkononi. Kuna kipande cha hadithi yangu ya Benaco ambacho huwa sikisimulii, maana hakina gunia wala mabega. Asubuhi ya kwanza nilimwamkia yule mama wa ghala shikamoo, kwa kuwa alikuwa mtu mzima. Hakuelewa. Mimi nikasimama. Wenzangu wakaanza kupakua, mimi nimesimama tu, na msimamizi akanifokea. Yule mama akamzuia, akamwuliza mkalimani mimi nangoja nini, akaambiwa. Ndipo akaweka kalamu mezani, akasema "marahaba" kwa ulimi mzito, kama mtu anayetafuna kiazi cha moto. Baada ya hapo, kila asubuhi, watu wote thelathini wa ghala lile aliwaitikia mmoja mmoja kabla gunia halijaguswa. Mimi miaka yote nimesifu magunia.

Jumatatu niliegesha Fuso ng'ambo ya geti nikatazama. Mwalimu alisimama chini ya bango, hatua moja ndani. Watoto wa watu walipita mbio wakirusha gudi moningi kama wanaorusha mawe. Wangu alifika, akasimama, akakunja magoti kidogo kama alivyofundishwa.

"Shikamoo mwalimu."

"English," mwalimu akasema, kidole kikionyesha bango, macho yakiwa kwa mtoto mwingine aliyefungua zipu ya begi.

Na wangu akangoja. Wenzake wakampiga vikumbo, yeye yuko palepale, anamtazama usoni kama mtu aliyefikishwa dirishani na karani hajainua kichwa. Gudi moningi aliijua, si kwamba haijui. Lakini kwake ule ulikuwa wimbo wa darasani. Kwa miezi minne hakuna hata mtu mmoja aliyemwambia kwamba wimbo ule ndio shikamoo yenyewe.

Nilishuka kwenye gari. "Mwalimu, mwitikie mtoto."

"Mzazi, siruhusiwi. Ndani ya geti ni Kiingereza."

"Salamu tu."

Akageuka akanitazama vizuri. "Hata salamu. Nilikuwepo kwenye mkutano, mzazi. Uliyesema hata salamu ni wewe."

Wenye pikipiki waliokuwa wakishusha watoto walikuwa wanasikiliza. Nimebishana na mapolisi wa barabarani, nimebishana na madalali wa Bisibo, na sijawahi kukosa neno. Pale nilikosa. Nikatazama juu, kwenye bango langu, nikalisoma upya neno kwa neno. Kuanzia hapa.

"Toka nje hatua moja," nikamwambia. "Bango linasema kuanzia hapa. Huku nje si hapa."

Alisita, akatazama upande wa ofisi. Kisha akatoka. Nikamshika mtoto bega, nikamtoa naye.

"Mwamkie tena."

"Shikamoo mwalimu."

Yule binti mwenye kalamu kichwani akachuchumaa hadi macho yao yakalingana. "Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

Wakaingia pamoja. Hawakufika hata hatua tatu. Mtoto akavuta sketi ya mwalimu, akasema, kwa sauti ileile anayomfokea nayo mbuzi, "Ticha, that hen is my hen."

Tangu Ijumaa. Alikuwa ameibeba sentensi hiyo tangu Ijumaa, darasa zima likimpigia kelele kuku wake.

Mwalimu akachuchumaa tena. Akamwuliza kwa Kiingereza kuku huyo anakula nini. Anakula mahindi, mtoto akasema, na amekula daftari langu. Hapo akaanza kuorodhesha vitu vyote ambavyo kuku amekula, na vile ambavyo havikuwa na Kiingereza alivionyesha kwa mikono. "Bubu anaongea," mtoto mmoja akasema kwa Kiswahili, na mwalimu, kwa mazoea tu, akanyoosha kidole kwenye bango.

Siku hizi kila asubuhi mwalimu huyo anasimama nje ya geti. Watoto wanapanga foleni kwenye vumbi, wanamwamkia mmoja mmoja, wanaitikiwa, halafu wanavuka na Kiingereza kinaanza. Wimbo bado wanauimba, sikuweza kuuondoa. Tufaa limeondolewa, ukutani sasa kuna parachichi, ingawa amelichora kama yai bovu.

Mwezi wa sita, shule ilipofungwa, mwalimu mkuu aliwaambia wazazi kwamba shule imebuni mbinu mpya ya utangulizi wa somo. Imebuni! Akasoma jina refu alilolipa mbinu hiyo, wakapiga makofi. Binti yangu habaki wala harudi bebi klasi, akasema, na sasa tatizo lake ni kumnyamazisha. Kisha akaniomba niseme neno, na mimi neno silikatai. Nilisimama nikawaeleza yote, kuanzia Benaco na yule mama wa ghala, kuku na jembe, geti na ile hatua moja ya nje, na jinsi mtu wa darasa la tano alivyoona kilichowashinda wenye vyeti. Walicheka, wakanipigia makofi marefu kuliko ya mwalimu mkuu.

Nilipokaa, mama yangu, aliyekuwa kiti cha pembeni na kitenge chake kipya, akaniuliza kwa Kihangaza, kwa sauti iliyofika hadi mstari wa nyuma, mbona sijasema bango lililetwa na nani.

Nikasimama tena, nikasema.